Uzi: Njia za haraka za kufikia mipangilio ya ufikivu kwenye kompyuta ya meza, hasa ile inayotumiwa na watu wengi

MkaaMkomani (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Hapa Amu tuna kituo cha kompyuta za meza ambazo kila aingiaye hukaa na kutumia: wanafunzi, wazee wenye shughuli za serikali za mtandaoni (eCitizen), wateja wenye uoni hafifu, na wengine wasioona kabisa. Nyingi zina Windows 10, chache Windows 11, na moja ina Ubuntu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, mtu afikeje kwenye mipangilio ya ufikivu, yaani zana za kumsaidia mwenye ulemavu kutumia kompyuta, bila kipanya na bila kuzunguka menyu? Pili, afikeje kabla hajaandika neno la siri, maana kuna anayekwama pale pale kwenye skrini ya kuingilia? Tatu, nifanyeje ili njia hizo zisipotee kila anapoinuka mteja mmoja na kukaa mwingine?

---

Fundi_Langoni (Lamu)

Waaleikum salaam, kaka. Mlango mkuu ni Windows + U. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, gusa U mara moja, achilia. Kwenye Windows 10 utaona ukurasa wa Ease of Access. Kwenye Windows 11 ni ule ule, jina ndilo limebadilika kuwa Accessibility. Ukishaingia, Tab inakusogeza kutoka sehemu moja hadi nyingine, Shift + Tab inakurudisha nyuma, mishale inapanda na kushuka kwenye orodha, na kitufe cha nafasi kinawasha au kuzima.

Lakini asiyeona hana haja ya kupitia ukurasa huo wote ili awashe kitu kimoja. Kila zana ina mlango wake:

Windows + Ctrl + Enter: Narrator, yaani sauti inayosoma skrini. Bonyeza tena, inazima.

Windows + alama ya kujumlisha: Magnifier, kikuzaji. Endelea kubonyeza alama hiyo kuongeza, ya kutoa kupunguza, na Windows + Esc kukifunga.

Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Print Screen: rangi za utofauti mkubwa. Itakuuliza kwanza, Enter ukikubali, Esc ukikataa.

Windows + Ctrl + O: kibodi ya kwenye skrini.

Shift mara 5 mfululizo: Sticky Keys, kwa anayetumia mkono mmoja au kidole kimoja. Badala ya kushikilia Ctrl na C pamoja, anabonyeza Ctrl, anaachilia, kisha C.

Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Num Lock: Mouse Keys, yaani kusogeza mshale wa kipanya kwa vitufe vya namba.

Windows + Ctrl + C: vichujio vya rangi kwa wanaochanganya nyekundu na kijani. Hii ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu haifanyi chochote mpaka uingie ukurasa wa Color filters na kuruhusu njia hiyo ya mkato.

Kuhusu swali la pili, Windows + U inaitika hata kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya neno la siri. Hapo haifungui Settings, inatoa menyu ndogo yenye Narrator, Magnifier, kibodi ya skrini na kadhalika. Mwenye kipanya ataiona alama yake pembe ya chini kulia. Kumbuka tu kwamba mashine ikiwa bado kwenye picha ya saa, gusa kitufe chochote kwanza ili picha iondoke, ndipo menyu ionekane vizuri.

---

BintiMaweni (Malindi)

Fundi amemaliza kwa upande wa vitufe. Mimi naongeza pale vinapogoma, maana kwenye kompyuta za watu wengi vitagoma tu.

Kibodi za michezo ya kompyuta zina kufuli la kitufe cha Windows, mara nyingi Fn pamoja na kitufe cha Windows chenyewe, au kitufe chenye picha ya kufuli. Kufuli likiwa limefungwa, njia zote zinazoanza na Windows zinakufa kwa mpigo, na mtu anadhani mashine imeharibika. Kwa kituo cha umma, nunua kibodi ya kawaida ya USB yenye sehemu ya namba upande wa kulia. Ni rahisi na haina vitu hivyo.

Kwenye laptopu, Print Screen huwa imebanwa pamoja na kitufe kingine na hudai Fn. Hapo njia ya utofauti wa rangi inageuka vitufe vinne kwa wakati mmoja, jambo zito hata kwa mwenye mikono mizima. Kwa laptopu ingia Windows + U, uchague ukurasa wa rangi.

Narrator "haifanyi kazi": mara nyingi inafanya, ila sauti imezimwa, au hedifoni imechomekwa kwenye tundu la mbele ambalo halikuunganishwa ndani ya kasha. Sisi wa pwani tuna hili la zaidi: hewa ya chumvi inakula shaba ya matundu, sauti inakuja upande mmoja au inakatika. Hedifoni ya USB inaokoa, na Windows huitambua yenyewe.

Kisha kuna Filter Keys. Mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, inajiwasha. Kuanzia hapo kibodi inapuuza mibonyezo ya haraka. Unaandika "Malindi" inatoka "M" peke yake au haitoki kitu. Kibodi nzima hutupwa kwa sababu hii. Kabla hujaibadilisha, shikilia Shift ya kulia sekunde 8 tena, usikilize mlio, ujaribu kuandika.

---

Mwalimu_wa_Barani (Malindi)

Dada BintiMaweni, hapo kwa Filter Keys na Sticky Keys ndipo sisi wa madarasa tunapozima kila kitu. Vijana wanacheza michezo, Shift inabonyezwa mfululizo, dirisha linaruka katikati ya skrini, vurugu. Naona kwa kituo chenye watu wengi ni heri kuzima njia hizo kabisa, anayetaka ataomba awashiwe.

---

Fundi_Langoni (Lamu)

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Anayehitaji Sticky Keys ni yule asiyeweza kushika vitufe viwili pamoja, na Windows + U ni vitufe viwili pamoja. Ukizima Shift mara 5, umemfungia mlango pekee anaoweza kuufungua kwa kidole kimoja. Kuomba awashiwe ndiko kunakomrudisha kumtegemea mtu mwingine. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Chombo kipo ndani ya mashine tayari, bila malipo. Tusikifungie sisi wenyewe.

Dawa ya vurugu ya michezo ni akaunti. Mipangilio hii hukaa kwenye akaunti ya mtumiaji, si kwenye mashine nzima. Tengeneza akaunti ya wachezaji, humo zima njia ya mkato ya Sticky Keys. Akaunti nyingine ziache zilivyo.

Na kwa mashine ambazo tayari zimezimwa, au zilizopitiwa na programu za kuharakisha michezo, hivi ndivyo ya kuhakikisha. Windows + R, andika regedit, Enter, nayo itafungua sajili, yaani ghala la mipangilio ya Windows. Nenda HKEY_CURRENT_USER, kisha Control Panel, kisha Accessibility. Humo mna matawi matatu, kila moja lina thamani iitwayo Flags:

StickyKeys: 510 maana yake njia ya mkato iko wazi, 506 imefungwa.
Keyboard Response, ambayo ndiyo Filter Keys: 126 iko wazi, 122 imefungwa.
ToggleKeys, yaani mlio unaposikika ukigusa Caps Lock au Num Lock: 62 iko wazi, 58 imefungwa.

Rudisha namba ya kwanza ya kila mstari, toka kwenye akaunti na uingie tena. Usiguse namba nyingine humo ikiwa hujui inafanya nini.

---

Mwalimu_wa_Barani (Malindi)

Hoja ya kidole kimoja imenifika, fundi. Akaunti mbili zinawezekana. Swali: zana hizi, mtumiaji wa kawaida asiye msimamizi anaweza kuziwasha? Maana akaunti za wanafunzi zina vizuizi.

---

Fundi_Langoni (Lamu)

Anaweza, hazidai neno la siri la msimamizi. Kinachoweza kumzuia ni sera ya kuficha kurasa za Settings. Kama uliifunga Settings nzima kwa sera, Windows + U haitamfikisha, lakini Windows + Ctrl + Enter na Windows + kujumlisha zitaendelea. Bora kwenye sera hiyo uziache wazi kurasa zote zinazoanza na easeofaccess.

---

MkaaMkomani (Lamu)

Shukran sana. Je, kuna namna ya kuweka alama juu ya skrini, mtu abofye mara moja afike ukurasa anaoutaka? Wazee wetu hawatakumbuka vitufe, lakini picha kubwa wataiona.

---

BintiMaweni (Malindi)

Ipo, na ni nzuri kwa sababu unachagua ukurasa wenyewe, si mlango wa mbele tu. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua New, kisha Shortcut. Kwenye kisanduku andika:

explorer.exe ms-settings:easeofaccess-display

Next, ipe jina la Kiswahili, kwa mfano "Maandishi makubwa", Finish. Kwa kurasa nyingine badilisha neno la mwisho tu: easeofaccess-magnifier kwa kikuzaji, easeofaccess-narrator kwa sauti, easeofaccess-highcontrast kwa rangi, easeofaccess-keyboard kwa kibodi, easeofaccess-mouse kwa kipanya, easeofaccess-audio kwa asiyesikia vizuri. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, haitafunguka.

Ukitaka iitike kwa vitufe pia, bofya kulia alama hiyo, Properties, kwenye Shortcut key gusa herufi moja, nayo itajiandika Ctrl + Alt + herufi hiyo. Itafanya kazi mradi alama iko juu ya skrini kuu au kwenye menyu ya Start. Ukiihamishia ndani ya folda, inakufa. Usitumie N, ni ya NVDA, kisoma skrini cha bure.

Kwa kikuzaji kuna njia nyepesi zaidi. Kiwashe, bofya kulia alama yake kwenye mstari wa chini, chagua Pin to taskbar, kisha kiburute kiwe cha kwanza. Tangu hapo Windows + 1 inakifungua.

Ila kwa wazee nauliza kwanza wanachokosa. Magnifier inakuza kila kitu, na sehemu ya ukurasa inatoka nje ya skrini. Mtu anasoma nusu ya mstari, anasogeza, anapotea. Kwa fomu za mtandaoni hilo ni balaa, kitufe cha kutuma kinabaki upande asiouona. Ambaye herufi ni ndogo tu kwake, mpe Text size kwenye ukurasa wa ufikivu, inakwenda kutoka asilimia 100 hadi 225 na hakuna kinachotoka nje. Na ndani ya kivinjari Ctrl + kujumlisha inatosha kabisa. Ctrl + 0 inarudisha. Magnifier iwe ya mwisho, na ukiitumia jaribu Ctrl + Alt + L, inageuka lenzi inayofuata kipanya, au Ctrl + Alt + D, inajibandika juu ya skrini na ukurasa unabaki mzima chini yake. Ctrl + Alt + F inarudi skrini nzima. Ctrl + Alt + I inageuza rangi. Kompyuta iliyokaa karibu na mlango unaoingiza mwanga wa bahari, herufi nyeupe kwenye weusi kwa wengine zinasomeka vizuri zaidi, kwa wengine vibaya zaidi, kwa hiyo muulize mwenye macho yake.

---

MzeeWaMatondoni (Lamu)

Vijana, mumesema Narrator lakini asiyeona anayejua kazi atawauliza NVDA. Ni ya bure, na watu wengi wasioona ndiyo waliyofunzwa nayo. Ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili wasioona, na imejengwa kwa namna wao wenyewe wanavyofanya kazi.

Ikishasakinishwa, Ctrl + Alt + N inaiwasha. Insert + N inafungua menyu yake, Insert + Q inaizima. Kwa kibodi isiyo na Insert nzuri, kwenye dirisha la kukaribisha weka alama ya kutumia Caps Lock badala yake.

Sasa jambo la lugha. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili inavuruga maneno kiasi kwamba msikilizaji hafuati. Bonyeza Insert + Ctrl + S, chagua eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA. Kisha Insert + Ctrl + V, kwenye orodha ya sauti tafuta Swahili. Sauti yake ni kavu, ya mashine, lakini herufi inazitamka zinavyoandikwa. Kwa anayesoma barua ya Kiswahili, hiyo ni bora kuliko sauti tamu isiyoeleweka. Punguza kasi hapo hapo kwa mgeni. Mzoefu ataipandisha mwenyewe.

Ili iseme kwenye skrini ya kuingilia: menyu ya NVDA, Preferences, Settings, General, weka alama ya kuitumia wakati wa kuingia. Halafu, na hapa ndipo wengi husahau, bonyeza kile kitufe cha kutumia mipangilio iliyohifadhiwa kwenye skrini za kuingilia na za usalama. Hudai msimamizi. Usipokibonyeza, NVDA itaamka pale na mipangilio yake ya mwanzo, Kiswahili chako na kasi yako havipo.

NVDA na Narrator zikiwaka pamoja, sauti mbili zitapandana na hakuna neno litakalosikika. Windows + Ctrl + Enter kuzima Narrator, basi. Na Ctrl peke yake hunyamazisha sauti iliyo katikati ya kusoma, kwa zote mbili.

Mteja akija na NVDA yake kwenye flashi, mruhusu. Ipo nakala ya kubebeka isiyohitaji kusakinishwa. Anachomeka, anafungua, anafanya kazi na mipangilio yake, anaondoka nayo. Upungufu wake ni kuwa haisemi kwenye skrini ya kuingilia wala kwenye dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo iwe nyongeza, isiwe badala ya ile ya kusakinisha.

---

MkaaMkomani (Lamu)

Mzee, Mungu akuzidishie. Hilo la skrini za usalama sikulijua. Na ile ya Ubuntu?

---

MzeeWaMatondoni (Lamu)

Hiyo rahisi. Alt + Windows + S inawasha Orca, kisoma skrini cha Ubuntu, na inaizima pia. Alt + Windows + 8 inawasha kukuza, kisha kujumlisha au kutoa pamoja na vitufe hivyo viwili kwa kuongeza na kupunguza. Ingia Settings, Accessibility, washa ile ya kuonyesha menyu ya ufikivu daima. Alama ya mtu itakaa juu ya skrini. Kwenye skrini ya kuingilia alama hiyo ipo tayari.

Akija mtu na Mac: Option + Command + F5 inaleta paneli ya zana zote, na Command + F5 ni VoiceOver, kisoma skrini chake, moja kwa moja.

---

Mwalimu_wa_Barani (Malindi)

Naomba tuongeze kuhusu Mouse Keys, maana wanafunzi wangu wenye mikono mizito wanaitegemea, na kipanya kinapokufa sote tunaitegemea. Kwenye sehemu ya namba: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, namba za pembeni kwa mshazari, 5 kubofya, kujumlisha kubofya mara mbili, 0 kushikilia ili uburute, nukta kuachilia.

Mitego ni miwili. Alama ya kutoa inageuza 5 iwe ubofyaji wa kulia, na itabaki hivyo hadi ubonyeze mkwaju, yaani alama ya kugawa. Mtu anabofya kila kitu na kila mara inatoka menyu. Mtego wa pili, Mouse Keys ikiwaka, sehemu ya namba haiandiki namba. Mtu anaingiza PIN, hakuna kinachoingia, anadhani amefungiwa nje. Atumie namba za mstari wa juu.

---

Fundi_Langoni (Lamu)

Sahihi kabisa mwalimu. Nimalizie swali la tatu la kaka Mkaa, la vitu kupotea.

Kama kompyuta zenu zina programu inayorudisha diski ilivyokuwa kila ikiwashwa upya, basi kila mpangilio wa mteja unafutika, na hilo ni jema kwa siri zake. Lakini ina maana alama za kwenye skrini, NVDA, sauti ya eSpeak na zile Flags lazima uziweke programu hiyo ikiwa imesimamishwa, uwashe upya uone zimebaki, ndipo uirudishe kazini. Umeme unapokatika na kurudi, mashine inaamka ikiwa na milango yake yote.

Kama hamna programu hiyo, tatizo ni kinyume: mteja anaacha rangi nyeusi na herufi kubwa, anayefuata anashtuka na kuanza kuzima hovyo. Mfundishe mhudumu vitufe vinne tu vya kurudisha: Windows + Esc, Windows + Ctrl + Enter, Alt na Shift za kushoto + Print Screen, na Ctrl + 0 kwenye kivinjari.

Jambo jingine, nalisema kwa sababu limeanza kuenea. Kuna mafundi wanaofuta au kubadilisha jina la faili utilman.exe, ile inayoleta menyu ya ufikivu kwenye skrini ya kuingilia, kwa kuogopa kuwa wezi wa data huitumia. Ni kweli mwenye kuwasha mashine kwa flashi anaweza kuchezea faili hiyo. Lakini mwenye kuweza hilo anaweza kuchukua diski nzima hata faili isipokuwapo. Kinga ni kusimba diski kwa BitLocker, zana ya Windows ya kufunga data, na kuweka neno la siri kwenye BIOS, yaani programu ya kuwashia mashine, ili isiwake kwa flashi. Ukifuta faili hiyo, mwizi hujamzuia, na asiyeona umemwacha mbele ya skrini asiyoweza kuisoma.

---

MkaaMkomani (Lamu)

Nimeelewa. Nitaandika karatasi ya kubandika kando ya kila skrini. Niweke vitufe vingapi?

---

BintiMaweni (Malindi)

Vitatu: Windows + U, Windows + kujumlisha, Windows + Ctrl + Enter. Kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, herufi za urefu wa sentimita 2 au zaidi. Usiivike plastiki, inarudisha mwanga.

Kwa asiyeona karatasi haina kazi. F na J zina vinundu tayari, na U iko safu ya juu ya J, kushoto kidogo. Weka tone dogo la gundi ngumu kwenye kitufe cha Windows cha kushoto, liache likauke usiku kucha, ulihisi kwa kidole asubuhi. Lisiwe kubwa hadi kitufe kikwame kwenye ukingo, na usiweke kwenye U, mtu atachanganya na J.

---

MzeeWaMatondoni (Lamu)

Na kibodi zote za kituo ziwe za aina moja, ili kitufe cha Windows kiwe pale pale kila mashine atakayokalia.